Dakika zina ukumbi, miaka ina chumba cha pembeni

Ukitaka kujua mkutano wa wataalamu wa kiharusi unathamini nini, achana na hotuba ya ufunguzi. Chukua ratiba. Angalia nani kapewa ukumbi mkubwa asubuhi watu wakiwa wachangamfu, na nani kasukumiwa chumba cha pembeni alasiri ya siku ya mwisho, wakati nusu ya wajumbe wanaburuta masanduku kuwahi ndege.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya kurudisha viungo kwa mazoezi. Chumba changu ni hicho cha pembeni.

Sina ugomvi na ukumbi mkubwa. Yanayosemwa mle ni mazito kweli. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha donge la damu, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kiharusi kuanza, inawapunguzia wagonjwa ulemavu. Mwaka 2008 muda huo ukasogezwa hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2015 yakaja majibu ya kulivuta donge lenyewe kwa mrija unaopitishwa ndani ya mshipa, na 2018 ikathibitika kwamba baadhi ya wagonjwa, wakichaguliwa vizuri kwa picha za ubongo, wanaweza kusaidiwa hivyo hata saa 24 zikikaribia kutimia. Halafu kuna ile hesabu ambayo mkutano haupiti bila kuisikia: mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli takribani milioni 1.9 kila dakika. Nani asikimbie?

Ila mgonjwa akishaokolewa, hesabu ya dakika inakwisha na ya miaka inaanza. Mkono umekunja ngumi haufunguki. Jina la mkewe analijua, halitoki. Na wale waliofika wamechelewa, wasiopata dawa wala mrija, nao wanaletwa kwetu vilevile.

Wenzetu wengine hudhani kazi yetu ni kutia watu moyo: jikaze mzee, inua mguu. Ingekuwa hivyo, chumba cha pembeni kingetutosha. Lakini sisi nasi tuna mambo ya kupima, na tukikosea tunaumiza. Kwa miaka mingi tuliamini mgonjwa akinyanyuliwa kitandani mapema sana, tena mara nyingi, atapona vizuri zaidi. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104 katika nchi 5, ukatuonyesha kinyume: walioanzishwa ndani ya saa 24 tangu kupata kiharusi, kwa mazoezi mengi, walikuwa na nafasi ndogo ya kuwa na hali nzuri miezi 3 baadaye kuliko waliopata huduma ya kawaida. Yaani bidii yetu wenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha nyuma. Fluoksetini nayo, dawa ya sonona, ilitupa matumaini mwaka 2011 kwamba ingesaidia viungo kurudi. Ilipojaribiwa Uingereza kwa watu zaidi ya 3,000, sonona ilipungua, viungo havikurudi zaidi, na mifupa iliyovunjika ikaongezeka.

Kwangu mimi, habari za namna hiyo ndizo za kumfanya mtu afunge safari. Tiba mpya nitaisoma nikiwa nyumbani. Mtu kusimama mbele ya wenzake na kusema tulichokuwa tukifanya hakifai, hilo nataka nilisikie kwa masikio yangu, na nimwulize maswali.

Kuna pia mambo yasiyoingia kwenye slaidi. Katika mkutano mmoja, mama mmoja mtaalamu wa tiba ya kazi, ile ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, alisukuma viti pembeni, akakunja mikono ya shati, akajilegeza kama aliyepooza upande wa kushoto. Akamwomba daktari bingwa wa ubongo amwinue. Bingwa yule, mtu wa heshima zake, akamshika kwapani akavuta. "Umeshaniumiza," mama yule akamwambia. Akaeleza: misuli ya bega ikilegea, uzito wa mkono unauvuta mfupa chini, ukipapasa chini ya ncha ya bega unakuta pengo ambalo kidole kinaingia. Ukiuvuta mkono huo unaanzisha maumivu yatakayomfanya mgonjwa akatae mazoezi kwa miezi. Akatuonyesha pa kuweka mikono: nyuma ya bapa la bega na kwenye nyonga, kamwe si kwapani wala kwenye mkono. Tulijaribu mmoja mmoja. Bingwa alirudia mara tatu mpaka akakubaliwa. Katika mkutano mzima, hilo pekee ndilo nililolitumia Jumatatu iliyofuata.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji si kubwa. Asubuhi moja, ukumbi mkubwa uwe wetu, na wasipange kikao kingine chochote saa hizo, maana tukishindanishwa na mirija tunajua watu watakwenda wapi.

Na wenye afasia, yaani wale ambao kiharusi kimewaharibia uwezo wa kutumia maneno, wapewe muda wao. Safari iliyopita alialikwa bwana mmoja aliyepata kiharusi miaka 6 nyuma, akatengewa dakika 5 kama msemaji mwingine yeyote. Tulikuwa watu 14 chumbani. Alikuwa kwenye sentensi ya pili, anatafuta neno kwa macho na kwa mkono, taa ya njano ya saa ya kuwahesabia wasemaji muda ikawaka mbele yake. Akaitazama. Akacheka, akainyooshea kidole, akasema, "Hii... hii... haraka." Mwenyekiti akainuka akaichomoa ukutani.