Msinipongeze kwa kuvumilia

Tangu picha za mahafali yangu ziingie kwenye kundi la ukoo, simu haitulii. "Mwanamke wa shoka." "Umetutoa kimasomaso." "Mvumilivu hula mbivu." Asanteni sana, nimefurahi kweli. Ila kuna jambo limenikwama kooni, nalisema kabla sijarudisha joho kwa wenyewe (huku Uingereza joho hukodishwa, na bei yake ingelisha kaya moja Njombe wiki nzima). Sikuupata uzamivu huu (PhD) kwa kuvumilia. Walionizidi uvumilivu wapo huko huko nyumbani, na wengi wao hawana hata cheti cha kidato cha nne.

Nikiwa sekondari, aliyekuwa akituburuza sote kwenye hesabu alikuwa msichana. Akapata mimba kidato cha tatu, akafukuzwa, yule aliyempa mimba akaendelea na maisha yake. Waraka wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni ulitoka Novemba 2021, na kwake ulikuwa umeshachelewa mno. Leo anauza mitumba, analea, anamuuguza mama mkwe, anaamka saa kumi alfajiri. Nani kati yetu mvumilivu zaidi?

Mimi nilipita. Bodi ya Mikopo ilinipa sehemu ya ada, nyingine mama akaikopa VICOBA na kuilipa kidogo kidogo kwa viazi. Hosteli tulibebana: kitanda cha futi tatu, watu wawili, mmoja jina lake halimo kwenye orodha ya chumba, na mlinzi akipita anajifanya amekuja kusalimia. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, sahani moja ya ugali inazungukwa na vijiko vya chumba kizima. Mwenye sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, analala akiota amedisko, amefukuzwa chuo kwa kufeli. Hayo sikuyaona ya ajabu, yalikuwa yetu sote, wavulana kwa wasichana, na tuliyacheka.

Ya wasichana peke yetu hayakuchekesha. Mhadhiri anakwambia karatasi yako haionekani, upite ofisini jioni muitafute. Rushwa ya ngono imetajwa waziwazi katika sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, lakini vyuoni ilibaki kuwa habari ya kunong'onezana koridoni. Novemba 2018 Rais Magufuli alipokwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzindua maktaba mpya, Dk. Vicensia Shule, mhadhiri wa palepale, alimwandikia mtandaoni kwamba rushwa hiyo imekithiri chuoni hapo. Nakumbuka wanaume wazima wakijadili kama mama yule ana adabu. Kama alichosema ni kweli au si kweli, hilo halikuwashughulisha sana.

Sasa Uingereza. Nisiwe mchoyo wa sifa: kila mwanafunzi wa uzamivu idarani alikuwa na meza na kompyuta yake, maktaba haifungwi usiku, na majarida ambayo Dar tuliyaomba kwa mtu mwenye nywila huku yanafunguka yenyewe. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naolewa lini. Ufadhili wangu ulilipa ada tu, kwa hiyo wikiendi nilibeba boksi, yaani vibarua, kama wabongo wengine, ndani ya saa 20 kwa wiki ambazo viza inaruhusu. Tozo ya afya unailipa mapema kwa miaka yote ya viza: nilipokuja mwanafunzi alilipa pauni 470 kwa mwaka, na tangu Februari 2024 ni 776. Lakini pesa ni pesa, boksi likibebeka linalipika.

Kinachochosha huku ni kitu kingine. Unatafiti mnyauko bakteria, ugonjwa uliofyeka viazi vya mama yako mzazi. Unasimama mkutanoni, unaeleza, halafu swali kuhusu takwimu zako anaulizwa kijana wa Kizungu wa mwaka wa kwanza, ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kubonyeza slaidi. Naye, maskini, anajibu! Nyumbani nilipungukiwa na mengi, lakini sikuwahi kukaa darasani nikijiuliza kama mwalimu ananiona kilaza kwa sababu ya ngozi yangu. Na ukitazama juu kutafuta aliyetangulia, humwoni kirahisi. Utafiti wa Nicola Rollock uliotoka mwaka 2019 ulikuta maprofesa wanawake weusi 25 tu, Uingereza nzima. Wa kwanza katika somo la historia, Olivette Otele, mzaliwa wa Kamerun, alipewa cheo hicho mwaka 2018. Juzi tu.

Nililalamika. Ofisi ipo, fomu ipo, na majibu yalikuja kwa upole mkubwa: nakaribishwa kwenye warsha ya kujenga ustahimilivu. Nimepanda ndege kuja kuambiwa yaleyale ya shangazi, vumilia mwanangu. Angalau shangazi akikwambia hivyo anakupakulia na wali.

Mmenitumia sana picha ya Wangari Maathai. Sawa, yeye ndiye mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata uzamivu, Nairobi, mwaka 1971. Ila habari yake ya 1982 hamjanitumia. Aliacha kazi chuoni ili agombee ubunge, akaenguliwa, na aliporudi kuiomba kazi yake chuo kikamkatalia, kikamtaka na nyumba aihame. Miaka 22 baadaye akapata Nobeli, na leo chuo hicho hicho kina taasisi yenye jina lake. Tukimsifia uvumilivu tu, wale waliomfungia mlango wanapona bila kuulizwa lolote. Hapo ndipo ninapogombana na pongezi zenu. Mkishasema "ana roho ngumu huyu", basi Bodi haina kosa, mhadhiri wa jioni hana kosa, mkutano wangu haukuwa na kosa, na yule wa mitumba ndiye aliyeshindwa.

Tuongee la kufanyika. Mpwa wangu anaanza uuguzi Oktoba na mkopo aliopata hautoshi. Binamu alipofanyiwa send-off, ukoo huu uliunda kamati yenye mwenyekiti, mweka hazina na kadi za ahadi, na mamilioni yakapatikana ndani ya miezi miwili. Ada ya msichana haijawahi kuundiwa kamati. Naiunda leo. Mweka hazina ni mimi, mchango wangu nimeshautoa, kikao ni Jumapili saa mbili usiku kwa saa za nyumbani. Baba mdogo, nimekuandika wa pili kwenye orodha. Ukichelewesha ahadi nitakupigia usiku wa manane, kama ulivyokuwa ukitupigia sisi wakati wa send-off.