Nta Kwanza, Rangi Baadaye

Nikifungua kompyuta kutengeneza nembo au bango la mtu, swali langu la kwanza ni lilelile ninalojiuliza nikiwa na brashi ya nta mkononi: nini kibaki cheupe?

Nilijifunza batiki hapahapa Bagamoyo, kabla sijagusa kompyuta. Asiyeijua kazi hii hudhani tunapaka picha. Hatupaki, tunaziba. Nta ya moto unaiweka pale usipotaka rangi ifike, kisha kitambaa unakitumbukiza kwenye rangi nyepesi, tuseme njano. Kikikauka, unaziba tena patakapobaki njano, ndipo uingie kwenye nyekundu, hivyo hivyo mpaka rangi nzito iwe ya mwisho. Ukianza na nyeusi umekwisha. Kitambaa kikishachemshwa na nta ikaelea juu ya maji, ndipo unaona ulichokuwa unakifanya muda wote huo.

Mwanzoni kabisa tone la nta lilinidondokea kwenye kitambaa chenye picha ya bahari, katikati ya maji. Wasanii wanapenda kusimulia jinsi kosa lilivyogeuka pambo. Langu halikugeuka. Lilitoka doa jeupe kama jicho la samaki, mahali pasipo na samaki, na kitambaa kile hadi leo nafutia meza.

Ndiyo maana hata kwenye kompyuta, ambako kosa hufutwa kwa kidole, bado naanza na karatasi na penseli, nikiamua pa kuacha. Wenzangu wananicheka kwamba nachelewa. Kweli nachelewa. Lakini tazameni mabango yetu barabarani: herufi za aina tano, vivuli, miale, picha ya mwenye duka, namba tatu za simu. Aliyeyatengeneza hakuwahi kuogopa kitu. Wala sina ugomvi na rangi kali. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka rangi za mafuta zinazong'aa, lakini katika picha zake nyingi mnyama ni mmoja tu, na nyuma yake pametulia. Kuzijaza pomoni kulikuja baadaye, kwa waliomfuata, na kwa maoni yangu hakukuwa na haja.

Juzi nilimtengenezea bango mama mmoja anayekaanga samaki karibu na soko. Niliweka samaki mmoja, changu, na jina la biashara, basi. Akalitazama weee.

"Mwanangu, mimi nimelipia bango zima. Mbona nusu lipo tupu?"

Nikamwonyesha kanga aliyojifunga. Pindo limejaa, mji wa katikati umejaa, lakini jina, yaani yale maneno yake, limepewa kijisanduku chake, humo ndani hamna ua hata moja, ndiyo maana jirani aliyekusudiwa analisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Akacheka sana, maana kanga yenyewe ilikuwa na lake la kusema.

"Haya, nimekuelewa. Ila pale chini niwekee na pweza."

Nikamwekea. Mdogo.