Aliyeuawa na aliyefunguliwa: maombi ya Mkristo hujibiwaje?

Mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mume baada ya kumuuguza miezi 8. Siku 21 za mwisho tulifunga kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na kila Ijumaa tulikesha sebuleni kwake tukiimba kwa sauti ya chini ili mgonjwa asishtuke. Akafa Jumanne alfajiri. Wiki tatu baadaye, kwenye kipindi cha ushuhuda ibadani, kijana mmoja alisimama akasema Bwana amemfungulia njia: viza yake iliyokwama muda mrefu ilitoka baada ya maombi ya siku tatu tu. Kanisa likapiga vigelegele. Yule mama akamshika mwanawe mkono, akatoka naye hadi bombani, akamnawisha uso. Uso wa mtoto ulikuwa safi.

Ndugu mmoja aliyekwenda kumsalimia baada ya matanga alikuwa ameshamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba pengine katika nyumba ile kulikuwa na mtu asiyeamini vya kutosha. Waliobaki katika nyumba ile ni wawili: yeye na huyo mtoto wa miaka 6.

Tangu hapo swali hili limekaa nami. Mkristo anaposema "Mungu amejibu maombi", anasema nini hasa? Na aliyeomba vilevile, akafunga vilevile, kisha akazika, aseme nini?

Makanisani kwetu utasikia majibu mawili, na yote mawili yana Maandiko yake. La kwanza ni lile la mikutano ya injili na mikesha: omba kwa imani, kiri kwa kinywa chako, pokea. Wanaolibeza wanasahau kwamba Yesu mwenyewe alisema hivyo. "Yo yote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea, nayo yatakuwa yenu," ndivyo ilivyo Marko 11:24, na hapo hakuna nyongeza ya "Mungu akipenda". Tena katika Injili zote nne hakuna mgonjwa aliyemwendea Yesu akaambiwa akae na ugonjwa wake kwa kuwa ndiyo mapenzi ya Mungu. Hata yule mama Mkanaani, aliyejibiwa maneno mazito mwanzoni, alipata alichokuja kukiomba.

Na tuseme kweli, mahubiri haya yamewainua wengi. Mtu asiye na bima, asiye na mjomba ofisini, ambaye ameambiwa arudi hospitali akiwa na fedha, akisikia kwamba yupo Baba anayemsikiliza yeye kama anavyowasikiliza wakubwa, huamka kesho yake na nguvu ya kuhangaika tena. Nimewaona walioacha pombe kwa njia hiyo. Siwezi kuwaambia kwamba walidanganywa.

Shida huanza pale ahadi inapogeuzwa kanuni, kwamba ukiomba hivi lazima upate hivi. Kanuni ikishindikana, mshitakiwa huwa mmoja tu, naye ni mwombaji. Hapo ndipo mfiwa anapoanza kupekuliwa imani yake kabla hata tanga halijakunjwa. Wakati mwingine gharama huwa kubwa zaidi ya hiyo. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa wametafuta uponyaji na baraka, mambo ambayo Yesu aliruhusu yaombwe, na sina neno la kuwahukumu. Kinachoniuma ni fundisho kwamba baraka iko mahali pale, dakika ile, na atakayechelewa ataikosa. Yakobo 5, mahali ambapo mafuta yametajwa, mgonjwa haendi popote. Wazee wa kanisa ndio wanaoitwa waende kwake.

Jibu la pili ni la makanisa yenye utulivu zaidi, ambako nami nimelelewa: maombi hayambadilishi Mungu, humbadilisha anayeomba. Yesu alisema Gethsemane, "si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Na wapo mashahidi wa nje ya Biblia. Mwaka 383 Monika, mama wa Augustino, yule aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alikesha akiomba karibu na bandari ya Karthago, Afrika ya Kaskazini, Mungu amzuie mwanawe asisafiri kwenda Roma. Usiku uleule mwana akamtoroka, akapanda merikebu, na asubuhi mama akabaki ufukoni analia. Safari ile ndiyo iliyomfikisha Augustino Milano, akamsikiliza askofu Ambrosi, akabatizwa Pasaka ya mwaka 387. Baadaye aliandika kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba usiku ule ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote.

Nakipenda sana kisa hiki, na ndiyo maana nakiogopa. Monika aliuona mwisho wake. Alifariki Ostia mwaka huohuo akiwa ameshamwona mwanawe Mkristo. Ukimsimulia mjane wa wiki tatu, unamwahidi sura ya mwisho ambayo wewe huna mkononi.

Tena jibu hili lina maficho yake. Tunasema Mungu hujibu "ndiyo", "hapana" au "subiri", na kwa kusema hivyo tumekwisha kuingiza humo kila kinachoweza kutokea duniani. Anayeomba kwa namna hiyo miaka mingi mwishowe huacha kuomba. Hujiandaa tu kwa hasara, kwa lugha ya heshima. Yesu hakufundisha hivyo. Alimsifu mjane wa Luka 18 aliyemchosha kadhi kwa kwenda na kurudi, na yule rafiki aliyegonga mlango usiku wa manane hadi mwenye nyumba akaamka. Hata Sala ya Bwana, ikishasema "mapenzi yako yatimizwe", haiishii hapo. Inaomba riziki, na inaiomba leo.

Wako waliotaka kuumaliza ubishi huu kwa vipimo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali 6 za Marekani, ukiongozwa na daktari Herbert Benson. Walioombewa bila kuwa na hakika kama wanaombewa, asilimia 52 walipata matatizo baada ya upasuaji. Wasioombewa na vikundi vya utafiti, wao pia bila kujua wako upande gani, asilimia 51. Walioambiwa waziwazi kwamba wanaombewa, asilimia 59. Ni rahisi kusema kwamba wale wa kundi la pili nao walikuwa na mama zao na majirani, na hakuna aliyeweza kuwazuia hao kuomba. Ni kweli. Lakini matokeo yangekuja upande wetu, tungeyatangaza mimbarani, kwa hiyo haifai kuyakwepa. Ninavyoyasoma, yanaivunja ile kanuni: maombi si dawa ya kupimwa kwa vijiko. Kuhusu kama yupo anayesikia, hayasemi neno.

Mimi nimetua kwenye sura ambayo huwa tunaisoma nusu. Matendo 12, tangu shule ya Jumapili, ni sura ya Petro kutolewa gerezani. Tunaruka mstari wa pili, ambao ni mfupi kama taarifa ya msiba: Herode akamwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Basi. Kisha Petro anakamatwa, anafungwa minyororo miwili kati ya askari wawili, akilindwa na vikundi vinne vya askari wanne wanne, nalo kanisa linamwomba Mungu kwa juhudi kwa ajili yake. Malaika anakuja, lango la chuma linafunguka lenyewe, na Petro anajikuta mlangoni kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, anabisha. Kijakazi Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anasahau hata kufungua, anakimbilia ndani kuwaambia. Na wale waombaji, waliokuwa wakiliombea jambo hilohilo, wanamwambia, "Una wazimu." Aliposhikilia, wakasema ni malaika wake.

Hebu tulitazame hilo kwa makini. Waliopata jibu ndio hao ambao hawakuliamini lilipokuwa likibisha mlangoni. Kama kipimo kingekuwa wingi wa imani, Petro angekufa asubuhi ile. Na Yakobo je? Alikuwa mmoja wa wale watatu waliopanda na Yesu mlimani. Siamini kwamba kanisa lililomkeshea Petro lilikaa kimya alipokamatwa yeye. Luka, mwandishi wa Matendo, hatuambii kwamba Yakobo alikuwa na dhambi iliyofichika, wala kwamba jamaa zake walikuwa na mashaka, wala kwamba kifo chake kilikuwa cha heri. Anaandika habari zote mbili katika sura moja, na hatoi maelezo. Naye Yohana, popote alipokuwa furaha ile ilipolipuka, alikuwa mfiwa.

Miaka kadhaa kabla, mama yao Yakobo na Yohana alikuwa ameomba wanawe wakae mmoja kuume na mmoja kushoto katika ufalme. Yesu aliwajibu kwamba hawajui wanaloliomba, lakini kikombe chake, yaani cha mateso, watakinywea kweli. Kikombe hichohicho Yesu naye, Gethsemane, aliomba kiondolewe. Kuhusu maombi yake kama hayo Waebrania 5:7 inasema neno ambalo sikuliona kwa miaka mingi: kwamba alimlilia Mungu awezaye kumwokoa na mauti, "akasikilizwa". Akasikilizwa, na akafa.

Kwa hiyo kusikilizwa na kupewa ni mambo mawili, na Biblia haioni haya kuyatenganisha. Kiswahili nacho kinatusaidia hapa: deni hudaiwa, bidhaa huagizwa, kwa baba huombwa. Aliyeombwa ana uhuru wake, nalo ombi ni ombi kweli. Mtoto asiyeomba chochote nyumbani kwao eti kwa kuwa baba anajua, ni mtoto aliyejihesabu mgeni. Ndiyo maana siwezi kuwafuata wanaotaka tuache kuombea uponyaji ili tusiumie, kama ambavyo siwezi kukaa kimya mfiwa anapotafutiwa kosa. Na kama tuna dakika 20 za ushuhuda kila Jumapili kwa ajili ya watu wa Petro, tuwape nafasi na watu wa Yakobo. Zaburi ya 88 imo katika kitabu chetu, na neno lake la mwisho ni giza.

Juma lililofuata ushuhuda ule wa viza, jumuiya ilikutana kwa yule mama. Ilikuwa zamu yake, na alikataa tuihamishe. Mzee wetu alisoma Matendo 12 kuanzia mstari wa kwanza. Alipomaliza wa pili alinyamaza kitambo, kisha akaendelea hadi mwisho, na hakuhubiri. Ulipofika wakati wa kila mtu kutaja hitaji lake, tulidhani atapita.

"Mniombee mtoto," akasema. "Tangu msiba hali chakula cha jioni. Nataka ale."

Tukaomba ale.