Kasri la Ludwig na Beit al-Ajaib ni rika moja

Tiketi ya Neuschwanstein, kasri la Mfalme Ludwig huku Ujerumani, imeandikwa saa 8 na dakika 10 mchana. Ukifika na robo, imekula kwako. Basi mimi na shoga yangu tunapanga safari kinyumenyume: kutoka kituo cha basi hadi mlangoni ni kupanda mlima, nusu saa na ushei, Munich hadi Füssen, mji wa karibu na kasri, treni ni mwendo wa kama saa mbili, na ile tiketi nafuu ya treni ya jimbo zima la Bavaria, siku za kazi haianzi kabla ya saa 3 asubuhi. Inabana, lakini inatosha.

Kinachoniuma ni kingine. Watu wanadhani kasri hili ni la kale, la enzi za mashujaa wa hadithi. Wapi! Lilianza kujengwa 1869. Mfalme Ludwig wa Pili akafa 1886 halijesha, na wiki chache baadaye wenyewe walishaanza kutoza kiingilio. Beit al-Ajaib yetu ya Unguja, jumba la Sultani Sayyid Barghash, ni ya 1883. Ludwig kwake alitia simu na maji ya bomba. Jumba letu ndilo la kwanza Unguja kuwa na umeme na lifti. Tena letu halikujifanya kongwe, hili la kwao limejengwa makusudi lifanane na ngome za zamani. Hapo siwaachii hata kidogo.

Lakini 2012 sehemu ya roshani ya jumba letu ikaporomoka, tukaguna, tukaenda zetu. Desemba 25, 2020 mnara ukaanguka na upande wa mbele, mafundi wamo kazini. Watu wawili wakafa.

Najua mtakavyosema. "Kashaona theluji, sasa anatukana kwao." Mie nimekua nikila urojo Forodhani jumba lile likinitazama; nikinyamaza ndiyo nitakuwa mzalendo? "Wajerumani wana pesa." Ukarabati ule ulikuwa unalipiwa na Oman, jamani. "Rudi ukajenge wewe." Haya, ila yule aliyepewa kazi ya kulitazama kila mwaka na mshahara juu, yeye mbona hamumtumi?

Wala sisemi huku ni peponi. Tutazungushwa ndani nusu saa kama mbuzi wa mnada, halafu tutolewe nje wengine waingie. Na kupiga picha ndani ni marufuku, kwa hiyo msije mkanidai.