Laini moja, majina mawili: nani agawe zamu ya modemu?

Mwenye modemu moja (kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu) kwenye laini moja ya siriali hutaka mambo mawili yanayogongana: anayepiga simu kutoka nje akute getty, programu inayowapokea wanaoingia, ikimsubiri ili aingie kwenye mfumo, na programu za ndani ziitumie laini hiyohiyo kupiga nje. Mifumo ya Unix iligawanyika hapo. SunOS na FreeBSD ziliikabidhi keneli, kiini cha mfumo, kazi ya kugawa zamu. Linux, iliyoanza kwa njia hiyohiyo, baadaye iliyatangaza majina ya cua, yaani majina ya kifaa ya kupigia nje, kuwa yamepitwa na wakati na kuziachia programu zikubaliane zenyewe kwa mafaili ya kufuli, yaani mafaili yanayoonyesha kwamba laini inatumika.

Njia ya keneli hueleweka vibaya kwa sababu kwa mtazamo wa haraka inaonekana kuwa ni urudufu tu, kifaa kimoja kilichopewa majina mawili. Ukweli ni kwamba kila jina linatangaza nia. Katika FreeBSD, getty hufungua ttyu0, jina la kupokelea, na ufunguzi huo haukamiliki hadi ishara ya DCD ionyeshe kwamba modemu imeshikana na modemu ya upande wa pili. Muda wote huo getty imelala na haijamnyima mtu laini. Programu inayotaka kupiga hufungua cuau0, ambayo haingojei DCD, na ishara inapopanda kutokana na simu yake yenyewe, getty haiamshwi, kwa kuwa keneli inajua laini imeshachukuliwa. Programu ikifunga, getty inaendelea kusubiri ilipokuwa. Mgeni akiwa ndiye aliyetangulia kuingia, anayejaribu cuau0 hujibiwa kwamba kifaa kinatumika.

Uzito wa jambo hili huonekana programu inapokufa ghafla katikati ya simu. Keneli hufunga kila kilichokuwa wazi, na laini inarudi kwa getty bila mtu kugusa kitu. Faili ya kufuli, tuseme LCK..ttyS0, hubaki palepale ikiwa na namba ya mchakato uliokwisha kufa. Kwa kawaida programu inayofuata huipima namba hiyo, ikaona hakuna aliye hai, na kuifuta. Lakini namba za michakato hutumika tena: ikishapewa mchakato mwingine usiohusika kabisa na modemu, kufuli ya marehemu inaonekana hai, na laini hiyo haipokei wala haipigi hadi msimamizi aje aifute kwa mkono. Tena kufuli ni mapatano tu. Programu moja ikitumia kiungo /dev/modem na nyingine ttyS0, na zisifuatilie kiungo kinakoelekea, kila moja itaandika faili yake na zote mbili zitaamini kwamba laini ni yake.

Hata hivyo, wanaotetea kufuli wana hoja ambazo keneli haina jibu lake. Majina mawili hayazuii programu mbili kufungua cuau0 kwa pamoja, kwa hiyo wapigaji bado wanahitaji kufuli baina yao. Pia mgetty, aina ya getty inayoifungua laini bila kungojea DCD, herufi zikifika kutoka kwa modemu hutazama kwanza kama kuna kufuli, husoma neno RING ambalo modemu hutoa simu inapolia, kisha ndiyo inapotuma ATA, amri ya kupokea simu. Kwa hiyo mashine iliyokwama haipokei simu ambayo haiwezi kuihudumia, na faksi hutambuliwa kuwa ni faksi. Modemu iliyowekwa S0=1 hupokea yenyewe, na mpigaji anaweza kukuta kimya. Anayehitaji faksi achague mgetty.

Lawama isiyo ya haki ni ile ya getty kuamka bila mgeni. Modemu ikiwa na mpangilio wa &C0, au waya ikiwa na nyuzi tatu tu, DCD haisemi kweli: katika hali ya kwanza iko juu daima, na katika ya pili haifiki kabisa. Ikiwa juu daima, getty huamka mara moja na kuiandikia modemu, modemu inarudisha herufi zilezile, na getty inazichukulia kuwa jina la mtumiaji. Hapo keneli imeamini ishara iliyopewa. Dawa ni waya kamili, &C1 ili DCD ifuate hali halisi ya simu, &D2 ili DTR, ishara kwamba kompyuta iko tayari, ikishuka simu ikatike, na E0 (modemu isirudishe herufi) pamoja na Q1 (isitoe majibu) zikihifadhiwa ndani ya modemu, huku programu ya kupiga ikirudisha E1 na Q0 kwa muda wa simu yake tu.