Replike ndiyo mimi

Leo asubuhi nimetolewa bafuni mguu mmoja ukiwa na sabuni, eti mtoto wa dada yangu anatafuta sauti. Sauti imempotelea bafu hilohilo la watu tisa! Anaitafuta kwa "maaa, meee, miii", kama mbuzi aliyesikia Noeli imekaribia. Na maji yenyewe ni ya bidoni, ya kubeba kwa dumu, mnayajua.

Anajiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya maigizo. Kinshasa kwanza, wakimkataa, Paris. Mimi nauli ya kutoka Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, hadi mjini naiombea rozari, yeye anachagua ndege. Anasema anahitaji vipande viwili, kimoja cha kale, kimoja cha siku hizi, kama dakika 3 kila kimoja, na mtu wa kumjibu. Huyo anaitwa replike. Replike ndiyo mimi, baba wa watoto watano, mzee wa kanisa! Jumatatu nilikuwa mfalme, Jumanne mke wa mfalme. Kitindamimba wangu hadi leo ananiita mama.

Basi jana jioni niko malkia, kitenge cha mke wangu begani, nasikia hodi. Mwenye nyumba. Tarehe 1.

"Muzee, mwezi huu umenibana. Kazini hawajalipa, mtoto aliugua..."

Hakunijibu. Alimuuliza kijana anafanya nini, naye, kwa adabu zote, akamweleza habari za juri, wale wanaotahini: wanakaa nyuma ya meza, hawacheki, wanaandika, wanaweza kukukata katikati, "mersi", yaani asante, inatosha, au wakuambie urudie kwa namna nyingine kabisa.

Mngeona mzee alivyoipenda hiyo kazi! Alivuta kiti, akavaa miwani.

"Papa, endelea. Ulikuwa umefika kwa mtoto."

"Muzee, mtoto aliugua sana, usiku kucha..."

"Mersi. Mwezi wa tatu aliugua vizuri zaidi. Ulitoa hata machozi. Leo mdomo unalia, mikono imetulia tu."

"Nilimwambia," msaliti akadakia, "mujomba anapumulia kifuani, hatumii tumbo."

Tumbo lipi? Hili ambalo bukari, ugali wetu, ya mwisho liliiona juzi?

"Rudia," mzee akasema. "Sasa kama mtu anayelipa."

Hapo nilikwama. Hiyo nafasi sijawahi kuicheza. Nikatoa dola 50 niliyoficha ndani ya Biblia. Akaimulika kwa simu, maana umeme, tusiseme.

"Hiki ni kipande cha kale. Mimi nataka cha siku hizi. Na pembeni kimepasuka."

Kimepasuka! Mpasuko mwembamba kuliko kope! Hivi jamani, Wamarekani waliochapa noti wanaipokea, sisi tunaikagua kama mchumba? Nilipolipwa nayo nilisema imepasuka, nikajibiwa kama sitaki niache. Nani alianza huu upuuzi? Nimeuliza kweli, sichezi.

Amesema atarudi Jumamosi, raundi ya pili.

Kijana nimemwambia, Mufwankolo, yule mwigizaji, alichekesha nchi kwa Kiswahili chetu hikihiki, akiwa hapahapa Lubumbashi. Kwani Paris kuna nini? Hata jengo la 30 Juin lilijengwa liwe ukumbi wa maigizo. Sasa wanakaa wabunge wa jimbo. Siongezi neno, bado ni mpangaji.

Kitenge kinatafutwa tangu jana, na sabuni imenikaukia mguuni, inawasha. Nani ana bidoni moja?