Na Lile Lingine?

Hivi nyinyi watu wa Nairobi mtaniacha lini? Nikijitambulisha kwa jina la ubatizo, mtu anatega sikio: "Na lile lingine?" Lingine la nini, bwana? Natafuta chumba Kayole, sitafuti mke! Keateka, yule msimamizi wa nyumba za kupanga, ameshika funguo mkononi, mlango haufunguki mpaka nitaje jina la nyumbani. Nikilitaja, anavuta "Aaaah!" kama daktari aliyeona eksirei. Tayari anajua nampigia nani kura, na kama kodi nitalipa.

Mngeuliza mjue maana, ningewasimulia hadi usiku! Otieno kazaliwa usiku, Akinyi asubuhi, Wafula msimu wa mvua. Kwa Wakikuyu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ndiyo maana ukiita Kamau kwenye harusi, hema nzima inageuka. (Na mpishi pia.) Utamu wote huo, wewe unataka kabila tu?

Siku hizi najibu, "Mkenya." Wanacheka kwanza. Halafu: "Sawa, lakini Krismasi huwa unaenda wapi?"